Pedali ya Katikati

Siku ya arubaini ya marehemu mkewe Inshirah, wageni walipokwisha kuondoka na vikombe vya kahawa chungu vikiwa bado vimezagaa sebuleni, Wagdi aliingia chumba cha nyuma kurudisha viti akaona pedali ya katikati imebonyea. Hapakuwa na mguu juu yake. Ilikuwa imekwenda chini mpaka mwisho, ikakaa hapo kitambo, kisha ikapanda polepole, na chumba kizima kikanuka kitunguu saumu kilichoungua.

Alisimama mlangoni. Akasema, "Dasturi," kama mama yake alivyomfundisha kuwaomba radhi wasioonekana kila anapomwaga maji ya moto, kisha akafunga mlango na kurudi kuosha vikombe.

Pedali zenyewe hazikuwa za ngoma. Zilikuwa tatu, za mchezo wa mbio za magari: klachi, breki na mafuta. Wagdi ni mpiga ngoma wa harusi, na hapa Aleksandria huwezi kutaja ukumbi ambamo hajawatoa watu jasho. Lakini kuta za jengo letu ni nyembamba, na wa ghorofa ya chini walikwisha kumwitia polisi mara mbili. Ndipo alipopata miwani ya uhalisia pepe, ile mikubwa inayofunika macho yote, na hedifoni zake. Akiivaa anaona seti nzima ya ngoma mbele yake. Anashika vishikio viwili, anapiga hewa, na masikioni ngoma zinalia. Ila miguu ilibaki bila kazi, na mpiga ngoma asiye na miguu ni nusu mtu. Akaziunganisha zile za magari: mafuta ikawa ngoma kubwa, klachi ikawa matoazi. Breki, iliyo katikati na ngumu kuliko zote kwa sababu imetengenezwa ihimili mguu wa mtu aliyeshtuka, hakuwa na haja nayo. Aliipa sauti ya tari, akaisahau.

Siku moja, Inshirah angali hai, dada yake Thurayya alimkuta Wagdi ameketi anapiga hewa, jasho linamtiririka, na nyumba kimya.

"Dada, huyu mumeo anafukuza nzi, au ndiyo tumempoteza?"

"Mwache," Inshirah alijibu huku anacheka. "Angalau kichaa wangu mimi hana kelele."

Mchana aliokufa Inshirah, Wagdi alikuwa anajizoeza pigo la zari. Ngoma ya zari wengine mnaiita ngoma ya pepo, na kila pepo, ambaye wenyewe humwita bwana, ana pigo lake la kumwita na pigo la kumfungia njia akiondoka. Bi Atiyat, fundi wa zari aliyemfundisha, alimwonya mapema: "Pigo hili cheza utakavyo, mwanangu, mikono unayo. Ila ukishamwita mtu usimwache mlangoni. Lifikishe mwisho." Wagdi aliitikia kwa adabu kama wanavyoitikia vijana wote wa siku hizi, moyoni anacheka.

Inshirah alikuwa jikoni, anakaanga kitunguu saumu na giligilani za mulukhiya, mlenda wetu. Wanawake wa hapa, wanapomimina kikaango kile ndani ya sufuria, huvuta pumzi kwa ghafla kama waliotishwa. Bila hivyo, wanasema, mulukhiya haikolei. Moyo ulimkamata kabla hajamimina. Alitambaa mpaka chumba cha nyuma, akamwita mumewe, na macho na masikio ya mumewe yalikuwa kwingine kabisa. Akaweka kiganja kwenye ile pedali iliyo kati ya miguu miwili, akaegemeza uzito wake wote.

Wagdi alisikia tari ambayo hakuipiga. Baadaye kidogo akaisikia tena. "Dude bovu hili," akasema, akaendelea. Ya tatu ilikuwa hafifu. Kisha kitu kikamgusa kifundo cha mguu, akadhani ni waya, akausukuma kwa kisigino. Ni harufu ya kuungua ndiyo iliyomfanya avue miwani, pigo likiwa katikati.

Midomo ya Inshirah ilikuwa wazi. Alikuwa amesema jambo. Wagdi hakujua jambo gani, wala limesemwa mara ngapi karibu na goti lake, na tangu siku hiyo hilo ndilo lililomla usiku na mchana. Tulimpa pole wote, tukamwambia ni kudura ya Mungu. Hakuna aliyeweza kumwambia mkewe alisema nini.

Baada ya arubaini, mambo yakawa ya kila siku. Alasiri, jengo likiwa limetulia kwa usingizi wa mchana, ilianza harufu ya kitunguu saumu. Halafu jikoni, mahali pasipo na mtu wala moto, mwanamke alivuta pumzi kwa ghafla. Halafu chumba cha nyuma pedali iligonga: mara moja, kimya, mara ya pili, kimya, na ya tatu hafifu. Wagdi aling'oa waya, na bado iligonga. Aliuweka mguu wake juu ya breki akaibonyeza kwa nguvu zote, akaona ugumu wake, akajua kwamba upepo hauwezi na paka hawezi.

Alasiri moja alimkuta binti yao, Nesma, wa miaka minane, ameketi sakafuni na kiganja juu ya pedali. Macho yalikuwa wazi, hayatazami kitu. Mtoto akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto.

"Wagdi," ikasema sauti ya Inshirah, ikilivuta lile jina kama alivyozoea kulivuta. "Mwambie Nesma..."

Ikakatika. Mtoto akalala palepale.

Sasa, mtu mwingine angembeba mwanawe akakimbia naye. Wagdi alipiga magoti. "Nimwambie nini?" akanong'ona. "Inshirah, nimwambie nini?" Na kesho yake, ilipofika saa ile, yeye mwenyewe alimshika mtoto mkono akamkalisha pale. Nalisema hili kwa uchungu, maana nampenda. Alimkalisha kesho yake tena, na kesho kutwa, wiki tatu nzima, na kila siku aliletewa maneno yaleyale matatu na ukimya uleule, na kila siku Nesma alikuwa mwepesi zaidi kumbeba kitandani.

Thurayya ndiye aliyeligundua. Aliwakuta mle chumbani, akavuta mlango nyuma yake.

"Shemeji, mtoto huyu amekula lini?"

"Jana. Alikunywa supu."

"Jana alikuwa kwangu mpaka adhuhuri, na hata maji aliyakataa. Mtazame mikono. Mbona unamweka humu?"

"Sema polepole."

"Nani atasikia?"

Wagdi aliitazama pedali, akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi tupu. "Ni dada yako, Thurayya. Ana jambo la kuniambia. Bado kidogo tu, atalimaliza."

"Dada yangu?" Thurayya naye alinong'ona. "Dada yangu aliyekuwa akimfukuza huyu mtoto na kijiko nyumba nzima ili ale? Huyo ndiye amnyonye mwanawe mpaka mifupa, eti amalize sentensi?"

Wagdi alikaa chini akalia. Alilia kwa sababu alikwisha kulijua hilo tangu siku ya pili.

Bi Atiyat alikuja kesho yake, na chetezo cha ubani na wanawake wawili wa kuitikia. Alikizunguka chumba, akamnusa mtoto utosini, akamkalisha Wagdi mbele yake.

"Siyo yeye, mwanangu. Maiti ana shughuli zake. Huyu ni yule uliyemwita ukamwacha mlangoni. Aliingia, akakuta mtu anakata roho, akakaa kutazama. Hayo anayokulisha ameyasikia tu."

Wagdi aliinua uso. "Kwa hiyo ameyasikia yote?"

Bi Atiyat akaweka chetezo chini. "Ndiyo maana nakuogopa wewe kuliko yeye," akasema. "Sikiliza. Zari haifukuzi, hupatanisha. Lakini huyu hakuomba mwili, umempa mwenyewe. Lipige pigo lake kwa chombo kilekile ulichomwitia, toka mwanzo mpaka kumfungia njia, na atatoka. Utasemeshwa. Usivue miwani. Ukiliacha katikati mara ya pili, mtoto ndiye kiti chake mpaka siku ya kufa, nayo si mbali."

Wagdi alivaa miwani. Wanawake wakaweka ubani, Thurayya akampakata Nesma pembeni, na Bi Atiyat akabandika kiganja mgongoni mwa Wagdi ili alifuate pigo kwa ngozi, maana katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kupunga kwa ngoma asiyoisikia. Chumbani palisikika miguu tu, ikikanyaga mafuta na klachi.

Masikioni mwa Wagdi ngoma kubwa ilianza taratibu, matoazi yakaifuata, na alipopita mahali alipoachia siku ile, tari ikalia katikati yao bila mtu kuipiga, ikalia tena, na harufu ya kitunguu saumu ikapenya chini ya miwani mpaka machozi yakaziba vioo, na ndani ya hedifoni, karibu kuliko ngoma zote, sauti ya mkewe ikasema Wagdi, vua, nitakwambia lote, si refu, na yeye akapiga, na sauti ikasema unajua alikuita mara ngapi, mimi najua, nilihesabu, na yeye akapiga, na sauti ikasema hakukukasirikia, au labda alikukasirikia, vua nikwambie lipi kati ya hayo, na hapo mkono wa baridi ukamshika kifundo cha mguu, mkono wenye pete mahali palepale pa pete, nao ukamwomba kwa kumbinya kidogo, na Wagdi akapaza kilio ambacho wote tuliokuwa ngazini tulikisikia, lakini kisigino chake safari hii hakikusukuma, na mikono yake haikusimama.

"Mwambie Nesma," ikasema sauti, na kwa mara ya kwanza haikukatika, ilingoja. Ilimngojea kwa upole. Ilihitaji tu asimamishe mikono ili asikie.

Bi Atiyat alihisi mgongo ule ukilegea chini ya kiganja chake. Pembeni, Nesma alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, na Wagdi hangeweza kukisikia, wala hakukisikia. Aliinamisha kichwa, akapiga pigo la kufungia njia, mapigo saba ya ngoma kubwa, moja baada ya jingine, bila kuharakisha.

Mkono ukaachia.

Alipovua miwani, pedali zote tatu zilikuwa juu. Nesma alikuwa ameamka, anajikuna jicho, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba ana njaa. Thurayya alikimbilia jikoni akilia na kucheka.

Bi Atiyat alikuwa anafunga chetezo chake kwenye kitambaa. Wagdi alimfuata mpaka mlangoni.

"Alikuwa anasema kweli? Yale maneno angenipa ya kweli?"

"Jini husema kweli akiwa na haja," Bi Atiyat akajibu. "Na alikuwa na haja kubwa. Mungu akupe subira, mwanangu. Usiniulize tena."

Nesma alikula mikate miwili na jibini, na baba yake akamkatia vipande vidogo vidogo kama mtoto wa miaka mitatu. Nyumba haikunuka kitu. Duniani alikuwapo mmoja tu aliyesikia neno la mwisho la Inshirah, na Wagdi alikuwa amemtoa kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Mtoto alipomaliza kutafuna, akauliza kama siku ile mama alimwachia salamu yoyote. Wagdi akamwambia ndiyo, alimwachia, kisha akafungua kinywa kuzitunga, akashindwa.