Usimshike Kidole

Jua lilikuwa limeanza kuzama na mlango wa mbele wa benki umeshafungwa, Mama Mihuri alipopiga mwayo, akamsukumia Kinda kile kimashine cha alama za vidole.

"Kuna mzee mstaafu yuko kwenye gari, huko nyuma. Hawezi kupanda ngazi. Kamhakiki kwamba yu hai ili pensheni yake iendelee, kisha urudi."

Kinda lilikuwa jina la utani. Mlinzi ndiye aliyembandika jina hilo siku ya kwanza, alipomwona mwanagenzi huyo akimfuata Mama Mihuri kila aendako kama kifaranga. Mama Mihuri alikuwa karani mkuu, mtu wa maneno machache na miayo mingi. Wenzake walimtania kwamba mumewe anakoroma. Kile kimpira cha kuhesabia noti hakikutoka kwenye dole gumba lake, hata wakati wa kula. Jioni, wafanyakazi wote walipoweka kidole kwenye mashine ya mlangoni ili watoke, Mama Mihuri alifunguliwa na mlinzi kwa ufunguo. Kinda alidhani ni heshima ya mtu mzima.

"Na usimshike kidole," Mama Mihuri aliongeza. "Aweke mwenyewe. Mashine ikimkataa, basi, imemkataa."

"Sawa, mama."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake ndiyo ingeamuliwa kama Kinda anaajiriwa au anarudi kukaa nyumbani, na hilo ndilo lililokuwa limejaa kichwani mwake. Alitaka kazi ikamilike bila dosari.

Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na jenereta, vioo vyake vyeusi. Mwanamke aliyevaa vizuri alimfungulia mlango wa nyuma.

"Karibu, mwanangu. Mimi ni mkwe wake."

Kinda aliingia. Manukato yalimpiga puani, na chini ya manukato palikuwa na harufu nyingine. Udongo mbichi... udongo uliochimbwa sasa hivi.

Mzee alikuwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Alitoa mkono polepole. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo, na viganja vimeota sugu kama vya mtu anayelima kila siku. Huyu ndiye asiyeweza kupanda ngazi?

Aliweka kidole.

"Rudia," ikasema mashine kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka.

Akarudia.

"Rudia."

Simu ya mkwe ikalia, akasogea pembeni kuipokea. Hapo mzee akainama. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Mwanangu," alinong'ona. "Iache inikatae. Ikinikataa wataniacha nikalale."

"Ukalale wapi, babu?"

"Waliponizika."

Tangu utotoni Kinda alikuwa akisikia habari za misukule, watu wanaoliwa na ndugu zao, wakazikwa na kuliliwa, kumbe usiku wanalimishwa mashamba ya watu. Alikuwa akizicheka. Sasa alitafuta kitasa cha mlango upande wake, asikipate.

Mkwe alikuwa amerudi. Alisimama kwenye mlango ulio wazi, akiuziba.

"Imekubali?"

"Bado..."

"Msaidie basi. Mkandamizie kidogo. Hatuwezi kukesha hapa."

Kinda aliogopa, na huo ndio ukweli wote. Alitaka kutoka garini, na njia ya kutoka ilikuwa moja. Akaweka dole gumba lake juu ya dole gumba la mzee, akakandamiza. Baridi ikampanda hadi kwenye kiwiko.

"Asante," ikasema mashine.

Mzee hakumlaumu. Alimtazama kwa huruma, machozi yakimlengalenga.

"Pole, mwanangu," alisema.

Kinda alikimbia hadi ndani bila kuaga. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, na ile harufu ya udongo ikabaki palepale.

"Aliweka mwenyewe?" Mama Mihuri aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mama Mihuri alimtazama vidole, kisha akachukua mkoba wake. Walifika mlangoni pamoja. Kinda akaweka kidole kwenye mashine ili atoke.

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia."

"Kinda, leo hukuja kazini nini?" mlinzi alitania. "Mashine haikujui."

Alipoona uso wa Mama Mihuri, kicheko kilimkatikia njiani. Akatoa ufunguo, akawafungulia wote wawili, macho yake chini.

Usiku huo Kinda alilala mapema, akiwa amejifunika gubigubi. Alfajiri mama yake alimwamsha kwa kumtikisa.

"Umelala fofofo, nimekuja kukuchungulia mara kwa mara. Unaumwa?"

Mgongo ulimuuma. Mabega yalimuuma. Mama akamshika mkono amsaidie kuinuka, halafu akaugeuza kwenye mwanga wa taa.

"Mwanangu... huu udongo kwenye kucha umeutoa wapi?"

Kiganjani palikuwa na malengelenge mapya. Kinda alianza kulia.

Kazini, meneja alimpa mkono wa pongezi: ameajiriwa. Kinda alimshukuru huku akizuia mwayo. Alipofika mezani pake, Mama Mihuri alikuwa akimsubiri. Akakivua kimpira chake kwa mara ya kwanza. Dole gumba lake halikuwa na mstari hata mmoja. Ngozi ilikuwa laini kabisa, kama ganda la yai.

"Ulijua," Kinda alinong'ona. "Ukanituma."

"Nilikuambia usimshike. Mimi hakuna aliyeniambia."

"Na yule mzee?"

"Bado yupo. Jana usiku alikuwa mbele yako shambani, hukumwona kwa sababu ya giza."

Mama Mihuri alifungua droo, akatoa kimpira kipya, akakiweka mbele ya Kinda. Kisha akapiga mwayo mrefu, na Kinda akajikuta anaupokea.

"Kivae," alisema kwa sauti ya chini. "Na leo ulale mapema. Tunapalilia."