Kibati Namba Kumi na Saba

Jumamosi nyumbani kwetu huanza kwa kutafuta kiatu. Huwa ni kiatu cha mdogo wangu, cha kushoto, na huwa hakipo. Safari hii nilikuwa nimekitafuta tangu jana yake, nikakiweka mlangoni pamoja na mwenzake, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kutembea kwenye milima ya mapango na tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili nilikuwa nimesimama mlangoni, begi mgongoni. Saa moja Baba alikuwa bado anatafuta jeki ya gari. Saa mbili Mama, ambaye ni fundi cherehani, akakumbuka gauni la mteja lililobaki vifungo viwili. Bibi alikuwa tayari kitambo, ila alikuwa ameketi anakunywa chai kama mgeni aliyealikwa.

Tuliondoka saa tatu.

Nilikuwa nimefura, na nilikuwa na haki ya kufura. Saa kumi alasiri timu ya wasichana ya mtaa wetu ilikuwa inacheza fainali, na golikipa ni mimi. Hapakuwa na golikipa mwingine. Niliwaambia jambo hilo wiki nzima, na wote walinijibu, "Tutawahi," kwa ile sauti ambayo watu wazima hutumia wakati hawajasikia ulichosema.

Njia ya kupandia ilikuwa nzuri, sikatai. Mawe ya chokaa yalisimama pande zote, meupe, yamechongoka. Kijito kilitufuata pembeni, kisha kikaingia kwenye shimo na kupotea ardhini.

"Kwa nini kijito kimeingia shimoni?" aliuliza mdogo wangu. Ana miaka sita na sote tunamwita Kwanini.

"Kwa sababu ni shimo."

"Kwa nini ni shimo?"

Nikaongeza mwendo. Nyuma, Bibi alikuwa anamsalimia kila mtu tuliyepishana naye, tena si salamu ya kupita. Alitaka kujua umelalaje, watoto wangapi, na goti linaendeleaje. Mtu mmoja kweli alikuwa na goti. Tulisimama pale robo saa.

Kwenye mdomo wa pango tulimkuta mlinzi wa lango, mama mwembamba mwenye fungu la funguo kiunoni. Kila mtu alimwita Mama Funguo. Kando yake palikuwa na ubao wenye misumari arobaini, na kila msumari ulikuwa umening'iniza kibati cha duara chenye namba. Baba ni fundi wa kuchomelea, na vibati vile alivikata yeye mwenyewe karakanani kwake. Alisimama mbele ya ubao akautazama kama picha ya harusi yake.

"Ukiingia unavaa kibati shingoni," alitueleza, ingawa hiyo ilikuwa kazi ya Mama Funguo. "Ukitoka unakirudisha msumarini mwako. Msumari ukiwa mtupu, maana yake kuna mtu ndani."

"Na kila mtu anarudisha chake mwenyewe," Mama Funguo alimalizia. "Sipokei kibati cha mtu kwa mkono wa mwingine."

Mimi nilipewa kumi na saba.

Aliyetuongoza ndani ni kijana mmoja mrefu sana, kazi ambayo hata sijui aliichaguaje, maana alitembea ameinama muda wote. Wenzake walimwita Mrefu. Alitumulikia mawe yaliyoning'inia darini, yakidondosha tone moja moja. Kisha tukafika mahali pembamba ambapo maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Mrefu akaonyesha alama nyeusi ukutani, usawa wa kifua chake.

"Maji hufika hapa," alisema. "Mvua ikinyesha juu ya mlima, yanaingia humu bila hodi. Ndiyo maana ule ubao hatuuchezei."

Nilisikia kila neno. Sitaki mtu anitetee kwamba sikusikia.

Tulitoka saa saba na nusu, na palikuwa na foleni. Mama Funguo alikuwa anaita namba, anamtazama mtu usoni, anangoja akitundike kibati chake, halafu anaweka alama kwenye daftari. Baba, Mama, Bibi na Kwanini walikuwa mbele. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa kufunga kamba za viatu vyangu, na katikati yetu wakaingia wanafunzi wa shule fulani, kama ishirini hivi. Mmoja wao alikuwa amevaa kibati mgongoni na hakukiona. Wenzake wakaanza kumsaidia kukitafuta mifukoni.

Nilitazama saa ya Mama Funguo. Nikatazama wale wanafunzi. Nikakivua kibati, nikakitia mfukoni, nikainama chini ya kamba iliyozuia njia na kupita.

"Umerudisha kibati chako?" Baba aliuliza.

"Nimerudisha."

Neno likatoka jepesi hivyohivyo. Ni kipande cha bati, nilijiambia, na Baba ana mabati tele karakanani.

Tulishuka haraka kuliko nilivyotegemea. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima, na hata Bibi alipunguza salamu. Tulipofika kwenye gari matone ya kwanza yakaanza kupiga boneti. Ilikuwa saa nane na robo. Kwa mara ya kwanza siku ile niliamini kwamba nitawahi.

Ndipo filimbi ikalia huko juu. Ikalia mara tatu, kwa kuvuta, ikanyamaza, ikalia tena mara tatu.

Baba aliyekuwa anafungua mlango akasimama. "Filimbi ya lango hiyo. Kuna mtu amebaki ndani."

"Maskini, mtoto wa watu," alisema Bibi. "Na mvua hii."

"Labda ni wale wanafunzi," alisema Mama.

Baba alikuwa ameshachukua kamba ya kuvutia gari, anaizungusha begani. "Nyinyi kaeni humu. Wale vijana wa kuongoza wageni wako wawili tu. Vibati vile nimevikata kwa mikono yangu, siwezi kukaa garini nikisikiliza filimbi."

Baba yangu alikuwa anarudi mlimani kwenye mvua, aingie kwenye maji yanayofika kifuani, anitafute mimi, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mfukoni kile kibati kilikuwa kimepata joto la mwili wangu. Niliijua saa bila kuitazama. Kama ningenyamaza, wangetafuta hadi wachoke. Kama ningesema, wote wangejua nimedanganya, na mechi ilikuwa imekwisha vyovyote vile.

Baba alishapiga hatua kumi. "Baba," nikaita, "hakuna mtu ndani."

Nikakitoa. Alirudi, akakitazama mkononi mwangu. Ningependa angenifokea.

"Twende," alisema. "Utakipeleka wewe."

Tulipanda ule mlima tukikimbia, mvua ikitupiga usoni. Mama Funguo alikuwa amesimama langoni ameloa chapachapa. Ubaoni msumari mmoja tu ulikuwa mtupu. Nilimpa kibati, akasoma namba, kisha akachukua nyundo na kuanza kugonga kipande cha chuma cha reli kilichoning'inia pale. Ile ndiyo ishara ya kuwarudisha waliomo ndani.

"Wameingia lini?" Baba aliuliza.

"Nusu saa sasa. Mrefu na mwenzake."

Akagonga tena. Hakutoka mtu. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yameanza kutiririka kutoka mdomoni mwa pango, na mimi nilihesabu mapigo ya nyundo kwa sababu nilishindwa kufanya kitu kingine. Niliomba kimyakimya. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mapigo yalipofika arobaini na tatu, nikaona mwanga. Mwenzake Mrefu alitangulia, kisha Mrefu mwenyewe, ameloa hadi kwapani, vidole vya mkono wa kulia vikivuja damu. Hakumtazama mtu.

"Hatujampata," alisema akihema. "Nipe kamba ndefu zaidi. Kuna sehemu sijafika, nirudi kabla maji hayajazidi."

Mama Funguo alininyooshea kidole. Mrefu akageuka. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, nami nikajikunja ningoje ninachostahili.

"Ni huyu? Mzima?"

"Mzima," alisema Baba. "Aliondoka na kibati."

Mrefu akakaa kwenye jiwe. "Afadhali," alisema, akafunika uso kwa mkono ule mzima. "Afadhali kabisa. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yako."

Hapo ndipo nilipolia. Nilimwomba radhi, yeye na mwenzake, na Mama Funguo, na Baba, maneno yakitoka bila mpango. Mama Funguo alinisubiri nimalize. Hakuwa na haraka hata kidogo, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoshwa na watu wenye haraka.

"Sikiliza, binti," alisema. "Nilipouona ule msumari nilijua. Nilisema moyoni, huyu kaondoka nacho, atakuwa njiani anakula ndizi. Mara tisa kati ya kumi huwa hivyo. Lakini siwezi kuwazuia hawa vijana kwa kubahatisha, kwa sababu iko ile mara ya kumi. Ubao huu hauna macho. Unaamini mnachouambia, na mimi nauamini ubao, na hawa wananiamini mimi. Ukidanganya wewe mmoja, uongo wako unatembea hadi kwa mtu usiyemjua, na huyo ndiye anayeingia majini. Umeokoa dakika ngapi?"

"Kama kumi," nikasema.

"Kumi." Akanirudishia kibati. "Kitundike mwenyewe."

Nikakitundika. Akanitazama usoni, akaweka alama kwenye daftari.

Tuliingia mtaani saa kumi na moja na nusu. Njiani hata Kwanini hakuuliza kitu, na ukimya wake uliniuma kuliko maswali yake yote. Wasichana wa timu walikuwa wamekaa kibarazani kwa kapteni wetu, viatu mkononi. Golini walimweka mshambuliaji. Tulifungwa manne bila.

Kapteni alisimama aliponiona. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tulikusubiri hadi refa akakataa kusubiri. Gari liliharibika, eti?"

Jibu lilikuwa limeshaandaliwa na yeye mwenyewe, nilichobakiza ni kulichukua. Nyuma yangu Baba alikuwa anafunga mlango wa gari, na nikasikia ameacha kuufunga.

"Gari ni zima," nikasema. "Nilidanganya huko mlimani. Kaeni niwaeleze."