Gitaa la Mbao ya Mtumbwi

Maranda ndiyo yaliyoanza kumtia Eufrasia wasiwasi. Kila asubuhi alipofagia karakana ya mumewe pale Kibaoni, aliyakuta yamelowa chapachapa. Na huo ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 1958, kiangazi kile ambacho hata kuku walitembea midomo wazi.

"Bwana wangu, hii mbao inatoa maji," alisema.

"Mbao imekauka miezi mitano. Umemwaga ndoo, unaogopa kusema."

"Nimwage ndoo ya maji yanayonuka kambare?"

Polikarpo akacheka, akaendelea kupiga msasa. Seremala yule alikuwa na kichwa kigumu, jamani, akipenda kitu masikio yanaziba. Gitaa la umeme alikuwa ameliona mara moja tu, kwenye dansi Morogoro, akarudi Ifakara hana usingizi. Sasa alijitengenezea la kwake. Nyuzi alizitoa kwenye nyaya za breki za baiskeli, sumaku kwenye dainamo, na waya mwembamba kama unywele aliuzungushia ile sumaku kwa mkono wiki nzima, akihesabu mizunguko kwa sauti mpaka mkewe akamwona mwehu. Sauti ingetokea kwenye redio ya betri aliyoazimwa na Zubeiri mwenye duka.

Balaa lilikuja na mbao ya kiwiliwili cha gitaa. Ilitoka kwenye mtumbwi wa rafiki yake Valeriani, aliyezama mwezi wa Aprili karibu na Michenga. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Mama yake, Klementina, mjane jirani yao ambaye hakuwa na mtoto mwingine, ndiye aliyempa Polikarpo ule mtumbwi. "Mlikuwa mnapiga gitaa pamoja," alimwambia. "Chukua. Afadhali mtumbwi uimbe kuliko uoze."

Hapo hapakuwa na kosa. Kosa ni hili: mtumbwi wa mtu aliyezama asionekane, wenyeji wa mto hawauingizi nyumbani mpaka wautoboe tundu chini, ili kilichokalia ndani kishuke, kibaki huko huko majini. Kila mtoto wa Michenga analijua hilo, na Polikarpo alilijua. Lakini fundi ni fundi. Aliitazama mbao ile ya mkangazi, nzima, haina hata ufa, akaona tundu litamharibia kazi. Akaupakia mtumbwi kwenye mkokoteni vile vile.

Jumamosi alasiri akaunganisha waya, akapiga. Ee, lililia gitaa! Majirani walitoa vichwa madirishani, Eufrasia mwenyewe akatikisa mabega. Polikarpo alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akaacha kupiga, na redio haikuacha. Ilitoa mlio wa maji yakigonga ubavu wa mtumbwi, taratibu, halafu upondo ukichomekwa kwenye tope na kuchomolewa, halafu mtu akihema.

"Mama," redio ikasema.

Ng'ambo ya ua, Klementina aliangusha mchi.

Polikarpo alitaka kuizima, Klementina akaja mbio akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, niachie. Nimelia miezi mitano bila kaburi." Nani angekataa? Siku ya kwanza sauti ilimwamkia tu, shikamoo mama. Siku ya pili ikamwambia huku kuna baridi. Siku ya nne, jua likiwaka, harufu ya tope na samaki waliooza ikijaa chumba mpaka Eufrasia akatapika, ikamwambia njoo mtoni mama, njoo peke yako, usiage mtu, nimechoka kukaa bila mwenzangu, na mama akainuka akatoka miguu mitupu, akapita sokoni hasalimii mtu, akaifuata njia ya mtoni, na Eufrasia aliyemkimbilia huku akipiga yowe alimkuta maji yamemfika kifuani, anatabasamu, mkono ameunyoosha mbele kana kwamba kuna aliyeushika.

Walipokwisha kumtoa majini, ndipo walipomwita Bi Kudra, mganga, mwanamke mfupi asiyependa porojo. Aliingia karakana akaziba pua.

"Ulitoboa?"

Polikarpo akaanza kupanga vifaa vyake.

"Nakuuliza wewe, baba. Ulitoboa?"

"Sikutoboa, bibi. Mbao ingepasuka."

"Ukaona bora apasuke mama wa watu."

Akamwamuru achomoe betri. Polikarpo akachomoa. "Mama, wananifukuza," sauti ikasema, pole pole, karibu kabisa.

Bi Kudra akamgeukia Klementina. "Umesikia? Redio haina betri, nayo inaongea. Huyo si mwanao. Ni jini la mto, limevaa sauti yake kama shati. Likikupata wewe, litavaa na ya kwako." Kisha akamwambia Polikarpo achukue keke yake ya kutobolea, amalize kazi aliyoikwepa.

Klementina akapiga magoti. "Polikarpo, usimtoboe. Ndiye pekee niliyebaki naye."

"Atakuua, mama!"

"Na akiniua?"

Polikarpo alilia waziwazi, haoni aibu, akaikandamiza keke kwenye mbao aliyoipenda kuliko kazi zote alizowahi kufanya, na kila ilipozunguka sauti ilimwita Polika, jina ambalo ni Valeriani peke yake aliyemwita, ikamsihi kwa urafiki wao, ikageuka ikalia kwa sauti ya Eufrasia, ikalia kama kichanga, mpaka ncha ikatokeza upande wa pili na maji meusi yakabubujika, yakatambaa sakafuni, yakafika mlangoni na kukipanda kizingiti, yakatoka nje. Kisha kimya.

"Limetoka, halijaondoka," Bi Kudra akanong'ona. "Litatafuta pa kukaa mpaka kesho. Likibisha hodi, kwa sauti yoyote ile, asiwepo wa kulikaribisha. Lisipokaribishwa litarudi mtoni. Umenisikia, mama Valeriani?"

"Nimesikia," Klementina akasema.

Eufrasia akamtandikia mkeka alale kwao. Alfajiri mkeka ulikuwa mtupu.

Walivuka ua mbio. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Klementina. Walimkuta amechana nywele, amevaa gauni la kanisani, anapakua wali.

"Shikamoo mama," Polikarpo akasema.

"Marahaba. Semeni taratibu."

Nyuma ya pazia la chumbani mtu akakohoa, kikohozi kizito chenye maji. Nyayo zilizolowa zilitoka mlango wa nje mpaka pale kwenye pazia.

Eufrasia akajishika mdomo. "Mama, umelikaribisha! Bi Kudra si alikwambia si yeye?"

Klementina akapakua sahani ya pili, akaiweka mkekani na kuifunika vizuri.

"Najua si yeye, mwanangu," akasema. "Lakini linaniita mama."