Aliyeketi Mgongoni mwa Fisi

Jua lilikuwa likizama mzee mpiga picha alipomwelekezea fisi taa zake tena, na picha ikaharibika tena. Meno yalionekana, kucha zilionekana, hata mshono wa tumboni aliposhindiliwa pamba. Mgongo tu ndio uliofunikwa na ukungu mweupe.

Alikwisha kubadilisha lenzi. Alikwisha kuondoa kioo cha kabati. Wanyama wengine wote wa makumbusho, waliokaushwa kama huyu, walikuwa wamekubali kupigwa picha bila ubishi.

Simu ikalia. Mkewe, aliyelazwa hospitalini akisubiri kupasuliwa asubuhi, ndiye mwandishi wa kitabu kilichopungukiwa na picha hiyo moja.

"Baba watoto, umempata fisi wangu? Nataka nimwone kabla hawajanilaza kwa dawa zao."

"Bado. Ananifanyia kiburi."

"Mbembeleze. Mimi si ulinibembeleza?"

Mlinzi, mama wa makamo, alikuwa mlangoni na funguo zake.

"Mzee wangu," alinong'ona, "umemwomba mwenyewe ashuke?"

"Mwenyewe nani?"

"Fisi huyo aliuawa usiku, uani kwa watu. Bibi mchawi aliyekuwa amempanda hakuonekana."

Mzee alicheka kwa hasira. Msomi mzima, ahangaishwe na pamba na ngozi! Akamgeukia fisi.

"Haya, bibi, shuka! Nina mgonjwa mie!"

Akainamia kamera.

Kisha harufu... kama ya nguo iliyofukuliwa ardhini. Kitu kikagusa sakafu, taratibu, kama unyayo mtupu.

Akapiga picha. Safi! Mgongo wote ulionekana, nao, uliokuwa umebonyea tangu asubuhi, ulikuwa umenyooka. Hilo hakutaka kulifikiri. Akampigia mkewe.

"Nimempata. Nakuja."

"Njoo upesi, naogopa."

Alipofika mlangoni, alihisi begi limemwelemea mabegani. Akapeleka mkono alegeze mkanda.

Mkono ukakuta shati tu.

Begi lilikuwa bado sakafuni, kando ya fisi.

Alirudi akijikokota. "Panda," alimwomba mtu asiyemwona. "Tafadhali, mama. Panda mahali pako."

Pumzi ya moto ikamgusa kisogoni.

Mlinzi hakuthubutu kusogea. "Wanasema hapandi tena mfu," alinong'ona, "akishampata anayetembea. Mzee wangu... hospitali usiende."

Simu ikaanza kulia. Mkewe.

Mzee aliiacha iite mkononi, picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga ikiwa ndani ya kamera, na kisogoni pake pumzi ile ikatulia ghafla, kama mtu anayetega sikio ajue wanakwenda wapi.