Puuza Hewa

Kirushio kilitema kopo la kwanza la damu saa nne asubuhi, na wageni waalikwa wakapiga makofi. Kilikuwa mkono wa chuma mrefu kama mnara, uliosimikwa juu ya kilima cha Njombe ili urushe damu hadi kwenye wavu wa hospitali ng'ambo ya bonde. Gari huzunguka bonde kwa saa mbili. Kopo lingevuka kwa sekunde kumi na mbili. Makofi hayajaisha, likatumbukia mtoni.

Ng'ambo kulikuwa na mama aliyejifungua alfajiri, na damu ilikuwa haijakatika. Ilikuwa apelekewe damu kwa gari, ila wakubwa walitaka uzinduzi wenye mgonjwa wa kweli. Ndizo akili za watu wenye viti vya mbele.

Mhandisi mkuu, Ezekia Mgaya, aliuliza ubongo-umeme, yaani kompyuta ya mtambo. Ukajibu kwamba hesabu ni sahihi. Basi akaamini, akasubiri nusu saa mkono ujikaze upya, akabonyeza kitufe kilekile. Kopo la pili likaangukia palepale. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa, na huyu alirudia akiwa amevaa tai.

Mwalimu Twilumba Kiswaga, mstaafu wa fizikia aliyealikwa kukata utepe tu, aliinuka kwa dharau isiyofichika. Alitoa chaki mkobani, akapiga magoti, akachora mishale sakafuni. Wa mlalo ulipeleka kopo mbele. Wa wima ulilipandisha, kisha uzito ukalirudisha chini. Mtambo uliijua hiyo miwili. Wa tatu ulikuwa upepo wa kusini, uliokuwa ukipeperusha mapambo ya sherehe mbele ya shahada zote zilizokaa pale, na haukuwemo popote katika hesabu ya Mgaya.

Mwalimu aliuliza kopo limekosea wavu kwa mita ngapi. Themanini, kuelekea kaskazini. Akaamuru mkono ugeuzwe kusini kwa kiasi hichohicho. Walisubiri tena nusu saa, Mgaya akikwepa macho ya watu. Kopo la tatu lilitua wavuni.

Simu ya hospitali ililia hapohapo. Daktari alishukuru kwa damu, akasema mama amefariki dakika kumi zilizopita. Mtoto, wa kike, yu mzima.

Hasira zilimpanda Mwalimu. "Mhandisi wa kukariri wewe," alimwambia Mgaya, wageni wote wakisikia. "Nani alikufundisha kurusha kitu kana kwamba dunia haina hewa?"

Mgaya aliitazama mishale ya chaki.

"Ni wewe, Mwalimu. Kidato cha tano nilichora mshale wa upepo. Ukaukata kwa kalamu nyekundu, ukanipa sifuri. Ulisema swali limeandikwa 'puuza hewa', na kwenye mtihani hakuna upepo. Sikuuchora tena."

Mwalimu alijaribu kumkumbuka kijana huyo, akashindwa. Mishale ya namna hiyo alikuwa ameikata mingi mno, miaka thelathini na moja, na matokeo ya shule yake yalisifiwa mkoa mzima.

Aliinama kuokota chaki, asiinue kichwa tena. Wageni walidhani anamlilia marehemu, wakampisha kwa heshima.