Jua la Kasese, Jua la Bwera

"Shusha hiyo! Unataka kupofuka?"

Soko la Kasese lilifurika watu, lakini sauti hiyo iliwafikia wote. Tsongo, muuza miwani na darubini kuukuu, alikuwa ameielekeza darubini juani ili kumvutia mteja. Mteja mwenyewe, Ronah, mwalimu wa fizikia kutoka Bwera, gauni la njano na viatu vyenye vumbi la safari, alimpokonya.

"Madamu, naonyesha tu lenzi iko safi."

"Leta karatasi."

Ronah aliacha mwanga upite kwenye darubini hadi karatasini. Likatokea duara jeupe lenye nukta nyeusi tatu.

"Hiyo ni uchafu," Tsongo alisema kwa aibu.

"Zungusha darubini. Zimezunguka? Hapana. Basi ziko juani. Nguvu ya sumaku huko huzuia joto kupanda, mahali hapo panapoa kidogo, panaonekana peusi. Doa hili kubwa linaweza kuimeza dunia nzima."

"Banange!" Tsongo alisema, akimtazama yeye, si karatasi.

Ronah alinunua darubini nyingine, akarudi Bwera. Wiki mbili za simu zikafuata, vicheko hadi salio kwisha. Kisha wakapatana: kila siku saa tatu asubuhi, kila mmoja achore madoa ya jua akiwa kwake, watumiane picha. Kwa Ronah haukuwa mchezo. Mwanamume aliyemtangulia Tsongo alikuwa hodari wa ahadi tu. Safari hii Ronah alitaka kumpima Tsongo kwa jambo linalothibitika.

Siku ya kwanza, madoa ya Ronah yalikuwa kushoto, ya Tsongo kulia. Siku ya pili ya Ronah yalisogea kulia, ya Tsongo yakaenda kushoto.

Ronah akapiga simu. "Unachora ukiwa kitandani?"

"Mupenzi, mi naangalia kila siku!"

"Jua ni moja, Tsongo."

"Mi siko mutu ya uongo."

Ronah alikata simu. Hata hivyo, kila asubuhi picha iliingia, bila neno lolote.

Siku ya nane alizipanga zote. Jumatano, doa dogo lilikuwa limegawanyika mawili, kwake na kwa Tsongo pia. Hilo halibuniki. Akaigeuza picha ya Tsongo kwenye simu, kushoto kuwe kulia. Zikalingana, doa kwa doa. Akampigia, simu haikupokewa. Alfajiri iliyofuata akaondoka Bwera.

Saa tatu kamili alisimama mbele ya duka la Tsongo. Barazani kilielekezwa kioo cha kinyozi, kikirusha jua ndani, penye kivuli, hadi kwenye darubini. Tsongo aliinama akichora, shati jeupe limepigwa pasi; kwa kioo hicho hakuhitaji kutoka nje na kuwaacha wateja wake.

"Kioo," Ronah alisema. "Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Hukuniambia una kioo."

"Hukuuliza."

"Kweli. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Nimekosa, Tsongo."

"Siku saba, Ronah. Hata chakula ilinishinda."

"Na bado ulichora?"

"Si nilikuahidi?"

Ronah alijikuta anacheka na macho yamelowa. "Wazee wako wanaweza kuja lini kumwona baba yangu?"

Penseli ikamdondoka Tsongo. "Ni wewe unauliza?"

"Sasa nauliza kwanza."

"Jumamosi! Hapana, kesho! Barbara!" alimwita jirani yake muuza vitenge. "Nikatie ile nzuri, ya mama mukwe!"

Barbara alikuwa ameshaanza vigelegele.