Mkebe Haukuguswa, Majani Yakaliwa

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, mkulima wa majani chai upande wa Bomet, si mbali na Sotik. Naandika haya nikiwa na kinyaa. Hasira ilishapoa... hiki ni kinyaa, kile cha mtu aliyekuta mende kwenye kikombe baada ya kunywa maziwa.

Mume wangu, Baba Chebet, hucheza karata za pesa. Alijifunza poka alipokuwa kibarua kwenye shamba kubwa la chai kule Kericho, na aliporudi nyumbani akawafundisha wenzake. Kila Jumamosi mchana walikutana nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, wakawekeana shilingi shilingi.

Na mimi nilimtetea! Ndiyo, nichekeni tu. Nilimtetea kwa sababu alikuwa na utaratibu. Alikuwa na mkebe wa kakao, na ndani yake aliweka pesa ya maziwa ya Ijumaa jioni, basi. Mkebe ukiisha, alisimama, akakung'uta suruali, akarudi kukatia ng'ombe nyasi. Hakukopa. Hakukaa kutafuta alichopoteza. Akishinda, nusu alinipa ya sukari. Akina mama wa kanisani ambao waume zao walikula hata karo waliniambia nina bahati, nami nilikubali kichwa juu.

Binti yetu wa kwanza, Chebet, alizaliwa mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Alipofika miaka miwili, daktari alituambia mguu unaweza kunyooshwa, lakini upesi, mifupa ikiwa bado laini. Tukichelewa, alisema, hata tukija na gunia la pesa haitasaidia sana. Tukakubaliana na Baba Chebet kwamba bonasi ya chai ya mwaka huo yote ni ya mguu. Hakuna mabati, hakuna nguo za Krismasi. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, na unalipwa kwa kilo zilizoandikwa kwa namba yako ya mkulima.

Basi nikachuna! Niliingia shambani umande ukinilowesha sketi hadi magotini, Chebet nimemketisha kwenye gunia mwisho wa mstari. Majani mawili na chipukizi, siku nenda siku rudi. Vidole vikawa vyeusi, sabuni ikashindwa. Nikijaza kikapu, Baba Chebet alikibeba hadi kituo cha kununulia majani kupima, nami nikarudi kukamua ng'ombe. Huku kwetu mume akikubebea kikapu, wanawake wanakuonea wivu. Niliona ni mapenzi... mapenzi gani!

Pesa ya kila mwezi, ile ndogo inayotangulia bonasi, ikaanza kupungua. Nikauliza. Akasema jua limepunguza kilo, halafu mbolea imekatwa. Niliamini. Mkebe si ulikuwa palepale juu ya kabati? Na yeye si alirudi mapema kila Jumamosi?

Siku hizo Wesley, mmoja wa wacheza karata wenzake, alikuja kwetu karibu kila Jumapili baada ya ibada. Yeye na mume wangu walitahiriwa pamoja, kwa hiyo kwangu alikuwa kama shemeji. Nilimmiminia mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, akaisifu. Alimpakata Chebet. Alinipongeza eti mimi ni mchapakazi. Kumbe alijua vizuri anachopongeza!

Halafu Baba Chebet akashikwa na malaria. Nikabeba kikapu mwenyewe hadi kituoni. Karani akapima, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Mama Chebet, hii naandika kwa namba ya Wesley kama zile zingine?"

Nikamuuliza zile zingine gani. Akina mama waliokuwa nyuma yangu wakatazama chini. Walijua! Kituo kizima kilijua isipokuwa mimi niliyechuna.

Sikungoja mgonjwa apone. Nilimfunua blanketi, akaeleza yote. Jumamosi moja mkebe uliisha akiwa ameshika karata nzuri. Wesley akamwambia hana haja ya kuondoka, aweke mchumo mmoja tu, majani yote ya siku moja yaandikwe kwa namba ya mshindi. Akapoteza. Wiki iliyofuata akaweka mchumo mwingine kukomboa ule wa kwanza, akapoteza tena, ikawa hivyo wiki hadi wiki. Mchovya asali hachovyi mara moja. Eti deni la mtu mliyetahiriwa naye halikataliwi. Na ahadi ya mguu wa mtoto, hiyo inakataliwa?

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeonewa, akasema, "Pesa ya nyumba sikugusa hata ndururu, Mama Chebet. Hiyo ni majani tu. Majani inarudi."

Nilichukua kikapu changu, nikatoka nje.

Bonasi ilipotoka, yetu ilitosha mbolea na mahindi kidogo. Ya Wesley ilinunua ng'ombe wa gredi, anayefungwa kando ya njia ya mtoni ili nimpite kila siku. Nilimwendea mchungaji na wazee, nikalia mbele yao bila aibu, hadi mume wangu akakubali nusu ya shamba iandikwe kwa namba yangu. Ikabidi ningoje bonasi nyingine. Nilipompeleka Chebet, daktari aliushika ule mguu kwa muda mrefu, kisha akauliza tulikuwa wapi. Walijaribu. Ulinyooka kidogo tu. Majani yalirudi, ni kweli, lakini mifupa haikutungojea.

Dada zangu mnaosoma, msidanganywe na mkebe kama nilivyodanganywa! Mcheza kamari mwenye utaratibu bado ni mcheza kamari, na pesa ikiisha ataangalia ni nini kingine nyumbani kinabebeka. Bebeni vikapu vyenu wenyewe, hata mgongo ukiuma. Nanyi wanaume, kabla hamjaweka jasho la mtu mezani, muulizeni kwanza mwenye jasho.

Baba Chebet bado anacheza. Mkebe ukiisha anaondoka, na wanaume wenzake bado wanamsifu. Jumamosi iliyopita aliusahau juu ya kabati. Chebet akapanda kiti, akauchukua, akamkimbilia baba yake hadi langoni akichechemea, akamwambia ashinde. Aliupokea, akamshukuru, akaenda zake.